Waya Mweusi Wenye Mstari Mweupe

Pikipiki ya mjomba wangu ilipewa jina na wenzake pale stejini Kapsokwony: Zimazima. Hakuna mwanaboda anayetaka jina kama hilo. Abiria akiuliza zamu ni ya nani, wanacheka kwanza, halafu mmoja anamwambia, "Ni ya Zimazima, lakini kama una haraka panda huyu wa nyuma." Mjomba alinisimulia haya kwa simu, nami nikacheka pia, mpaka aliposema, "Mama, mimi sicheki. Hiyo ndiyo karo ya binamu zako."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Barabara ya kutoka Kimilili kuja Kapsokwony inapanda mlima, na mlima hauna haraka ya kunyooka. Injini ingenguruma vizuri tu, halafu katikati ya kona ikatike, pap, kama mtu amezima redio. Siku nyingine ingerudi yenyewe kabla hata gurudumu halijasimama. Siku nyingine ingekataa kabisa. Wakati wa mvua ilizidi.

Kuna usiku mmoja alikuwa amebeba jirani na mtoto wake mwenye homa kali, wakikimbilia hospitali. Kwenye kona ya kushoto, ikazima. Akashusha stendi ya pembeni, akaanza kupiga kiki. Akapiga hadi mguu ukafa ganzi. Kimya. Akabonyeza honi, honi ikalia, kwa hivyo akajua stima ipo. Akapiga kiki tena. Kimya. Mwishowe yule mama akamfunga mtoto vizuri mgongoni, wakaisukuma pamoja kwenye giza, na hatua kumi hazijaisha ikawaka. Mtoto alipona. Lakini yule mama hakupanda tena pikipiki ya mjomba, na habari zilifika stejini kabla yake.

Wewe unayesoma haya ukiwa Nairobi au Eldoret utasema, si angeita boda nyingine? Inabidi nikueleze mlima kidogo. Kati ya 2006 na 2008, mgogoro wa ardhi ya Chepyuk, uliokuwa ukitokota tangu miaka ya 1970, ulilipuka kuwa vita. Kundi la SLDF liliua na kutesa watu. Machi 2008 jeshi likaingia katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na watu wakateswa tena, wengine hawajaonekana hadi leo. Wenye umri wa mjomba wanajua maana ya kukwama usiku barabarani na kusikia nyayo bila kujua ni za nani. Amani ilirudi, ila masikio yao bado yanakumbuka. Injini ikinyamaza gizani, mwili unashtuka kabla akili haijasema ni pikipiki tu.

Basi mjomba akatibu. Plagi mpya. Kabureta ikafunguliwa ikaoshwa. Koili mpya. Sidiai mpya, kile kisanduku cheusi kinachopanga cheche iruke wakati gani. Ilipozima tena, akaambiwa sidiai ile ilikuwa feki, akanunua ya pili. Kila fundi alibadilisha kile kilichokuwa dukani. Wa mwisho akasema pikipiki imezeeka, auze vyuma.

Nilipofika Desemba, ilikuwa imeegemea ukuta wa jikoni, kuku wamelala juu ya kiti.

*

Fundi aliyeitibu hakuwa na duka. Ni mzee aliyestaafu, ambaye miaka ya themanini alikuwa akitengeneza pikipiki za maafisa wa kilimo, wale waliokuwa wakizunguka mashambani wakiwaonyesha wakulima namna ya kupanda mahindi na viazi. Alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na bisibisi, koleo, tepu, na taa ndogo ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili ndefu. Hakugusa chochote. Alikaa kwenye kigoda akauliza.

"Inazima ukiwa wapi?"

"Kwa kona, mzee."

"Kona zote?"

Mjomba akafikiria. Hakuwa amewahi kuulizwa. "Zaidi za kushoto."

"Ilianza lini? Na kabla ianze, uliongeza nini, ulitoa nini?"

Mimi nilisoma historia chuoni, na nakwambia ukweli, hakuna mhadhiri aliyewahi kunieleza kazi ya historia vizuri kuliko yale maswali. Ilianza lini? Kabla ya hapo ilikuwaje? Nini kilibadilika? Wale mafundi wengine walikuwa wameuliza swali moja tu: nibadilishe nini?

Kwa hivyo acha nami niulize hii pikipiki imetoka wapi, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya nyaya zake.

Boda yenyewe ilizaliwa jirani yetu. Miaka ya 1960, pale Busia, vijana walianza kubeba watu na mizigo kwa baiskeli kuwavusha kati ya Kenya na Uganda, wakiita wateja kwa kupaza sauti: boda, boda, yaani mpaka hadi mpaka. Wakati huo pikipiki zilikuwa vitu vya serikali, vya misheni na vya watu wenye mshahara. Baiskeli ilitawala mpaka serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, zile zisizofika sisi 250. Hiyo ilikuwa karibu na 2008, mwaka ule ule mlima ulipokuwa ukitoka vitani. Kijana ambaye hakuwa na ardhi ya kugombania akaona kuna kitu kingine anachoweza kumiliki. Mjomba alinunua yake mwaka uliofuata, pikipiki ya Kichina, nyekundu.

Ila Uchina wake ni wa karatasi tu. Ukifungua injini unakutana na Japani.

Mwaka 1946, mji wa Hamamatsu ukiwa bado na majeraha ya vita, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizobaki jeshini, zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio, akazifunga kwenye baiskeli. Kumbe nao walianza kama sisi: baiskeli kwanza, injini baadaye. Kampuni yake ikaandikishwa 1948. Karibu miaka thelathini baadaye, wahandisi wa kampuni hiyo walienda kuangalia jinsi watu wanavyotumia pikipiki katika nchi zinazoendelea. Walikuta mambo tunayoyajua: mzigo kupita kiasi, vumbi, oili ambayo haibadilishwi. Mwaka 1976 wakatoa CG125, injini yenye muundo wa kizamani makusudi, ambayo valvu zake zinasukumwa na vijiti virefu kwa sababu muundo huo unavumilia oili chafu. Viwanda vya China, hasa vya mji wa Chongqing, vikaichukua injini hiyo vikaizalisha kwa majina mengi. Kwa hivyo pikipiki nyekundu iliyokuwa imelaliwa na kuku pale kwa mjomba ilikuwa mjukuu wa kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mtu kama mjomba.

Na mjukuu huyo amerithi lugha. Hapo ndipo fundi alipoanza kazi.

*

Alitoa kiti, akaonyesha zile nyaya zinazoingia kwenye sidiai. "Usiangalie wingi," akaniambia. "Soma rangi."

Kijani ni waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha pikipiki, bodi kama wanavyoita mafundi. Mweusi wenye mstari mwekundu unaleta umeme kutoka kwenye magneti. Wa buluu wenye mstari unaleta ishara ya kusema piston imefika wapi. Mweusi wenye mstari wa njano unapeleka umeme kwenye koili, na koili inaupeleka kwenye plagi. Rangi hizo ni za Honda. Chongqing ilipoiga injini, iliiga na rangi za nyaya. Ndiyo maana mzee aliyejifunzia kwenye pikipiki za Kijapani za maafisa wa kilimo aliweza kusoma pikipiki ya Kichina bila kitabu.

Si kila enzi ilisema lugha hiyo. Alisema mwalimu wake yeye alianzia kwenye pikipiki za Waingereza, na nyingi za zile zilikuwa kinyume: upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chuma. Fundi aliyehamia kwenye za Kijapani bila kubadilisha akili alifunga betri kinyume na kuchoma vitu. Mkoloni aliondoka, na hata umeme ukageuka upande.

Ukabaki waya mmoja ambao hakuutaja. Mweusi wenye mstari mweupe.

"Huu kazi yake ni kuua," akasema.

Unaenda kwenye swichi ya ufunguo. Ukizima ufunguo, swichi inaunganisha waya huu na ule wa kijani, umeme wa magneti unakimbilia kwenye chuma badala ya plagi, na injini inakufa. Ukiwasha ufunguo, waya unaachiliwa, haugusi kitu, na cheche inaruka. Yaani kwenye pikipiki ya aina hii, ufunguo hauwashi chochote kwa injini. Unaacha tu kuizuia.

Hapo mjomba akaingilia. "Lakini stima ilikuwepo, mzee. Honi ililia."

Fundi akacheka, kwa upole. Honi inakula betri, akaeleza. Cheche ya pikipiki hii haijui kama betri ipo. Inatengenezewa umeme wake pale pale kwenye magneti, sumaku inapozunguka kando ya koili. Kanuni hiyo ni ya Michael Faraday, 1831: sumaku ikicheza karibu na waya, umeme unazaliwa. Robert Bosch kule Ujerumani alitengeneza magneti ya kwanza ya karakana yake mwaka 1887, kwa injini isiyotembea, na 1897 akaifunga kwenye chombo cha magurudumu matatu cha De Dion-Bouton, babu wa mbali wa tuktuk. Mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, akaleta magneti ya nguvu kubwa pamoja na plagi. Tangu hapo injini ikaweza kujitegemea. Faida ni kwamba betri ikifa bado unafika nyumbani. Hasara ni kwamba honi ikilia haikuthibitishii kitu. Usiku ule mjomba alikuwa ameuliza shahidi ambaye hakuwepo.

*

Jaribio la kwanza halikuhitaji kifaa. Fundi alichomoa ule waya mweusi wenye mstari mweupe kutoka kwenye sidiai, akaufunga tepu usiguse kitu, akamwambia mjomba apige kiki. Ikawaka. Akashika usukani akaupeleka kulia mpaka mwisho. Inanguruma. Akaupeleka kushoto mpaka mwisho. Inanguruma. Akaurudisha na kuupeleka tena, kushoto, kushoto, kushoto. Haikukohoa.

Mjomba alisimama mikono kichwani.

Fikiria maana yake. Sidiai ni nzima. Koili ni nzima. Magneti ni nzima. Plagi ni nzima. Kama tatizo lingekuwa kwenye mojawapo ya hivyo, kuchomoa waya wa kuua kusingebadilisha chochote. Kwa kiki moja, nusu ya pikipiki ilikuwa imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa, pamoja na kila kitu ambacho mjomba alikuwa amelipia.

Sasa haikuweza kuzimwa kwa ufunguo, bila shaka. Fundi akaingiza gia, akashika breki, akaachia klachi taratibu hadi ikafa. "Usije ukaendesha hivi," akamwonya. "Siku kebo ya mafuta itakwama utaelewa kwa nini ufunguo upo."

Jaribio la pili lilitumia ile taa ya indiketa. Kabla ya kuendelea, kumbuka kwamba kuna kifaa cha kufanya kazi hii, mita, na chenyewe kina hadithi. Mwaka 1923 fundi mmoja wa Posta ya Uingereza, Donald Macadie, akiwa amechoka kubeba vipimo vingi vya simu, aliviunganisha vitatu kuwa kimoja: ampea, volti, omu. Kikaitwa Avo, kwa herufi za kwanza. Zile mita za plastiki za njano zinazouzwa leo kila mji ni watoto wake. Fundi wetu anayo, ila betri yake ilikuwa imeisha. Taa ilitosha.

Akaunga waya mmoja wa taa kwenye upande chanya wa betri. Wa pili akaugusisha kwenye ule waya mweusi wenye mstari mweupe, upande unaoelekea usukani, ufunguo ukiwa umewashwa. Taa haikuwaka, kama inavyotakiwa, kwa sababu waya haugusi chuma. Akanipa usukani. "Geuza polepole, kushoto."

Niligeuza. Karibu na mwisho, taa ikawaka.

Nikarudisha, ikazima. Nikageuza, ikawaka. Sijui niseme nini kuhusu ule mwanga mdogo wa rangi ya chungwa. Miezi mingi ya kuchekwa stejini, karo iliyochelewa, mama aliyesukuma pikipiki na mtoto mgongoni, yote yalikuwa yanawaka na kuzima mkononi mwangu.

"Sasa nijibu swali langu," fundi akamwambia mjomba. "Kabla ianze, uliongeza nini?"

Mjomba akaangalia pikipiki. Akaangalia juu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mwavuli."

Si unaijua ile miavuli mirefu ya boda, inayomkinga dereva na abiria? Mjomba aliufunga wakati wa masika, na chuma chake kikabanwa kwenye shingo ya usukani, pale nyaya zote zinapopita. Fundi alifungua boliti, akachana tepu. Nyaya zilikuwa zimebanwa na kona ya kile chuma. Kila usukani ulipogeuka kushoto zilivutwa, zikasuguliwa. Nyingine zilikuwa na mikwaruzo tu. Mweusi wenye mstari mweupe ulikuwa umevuliwa nguo, shaba inameta, mahali padogo kuliko punje ya mchele.

*

Ndipo hadithi ya usiku ule ikajipanga upya.

Alikata kona ya kushoto: waya ukagusa chuma, injini ikafa. Akashusha stendi ya pembeni. Pikipiki ikiegemea stendi, usukani unaangukia kushoto wenyewe, unajua hivyo ukiwa umewahi kuegesha moja. Kwa hivyo alipokuwa akipiga kiki hadi mguu ukafa ganzi, waya ulikuwa umegusa chuma wakati wote. Angepiga mpaka asubuhi. Walipoamua kusukuma, ilibidi wanyooshe usukani. Waya ukaachia. Ikawaka.

Watu stejini walikuwa wamesema mengi. Wengine kwamba inahitaji kupashwa moto, wengine kwamba mafuta yana maji, mmoja kwamba pikipiki ina neno la mtu. Kusukuma ndiyo ilikuwa dawa yake, walisema. Walikuwa wameona sawa. Kusukuma kulisaidia kweli. Walikosea sababu tu, na kwa kosa hilo mjomba alinunua sidiai mbili.

Ukweli mwingine ulimuuma zaidi. Mwavuli aliuweka kwa ajili ya abiria. Aliona akina mama wakilowa na watoto. Kile alichowafanyia ndicho kilichowakwamisha, na aliniambia baadaye kwamba angependa kwenda kwa yule jirani amweleze, ila hajui aanzie wapi. Unamwambiaje mtu kwamba ulikuwa umegeuza usukani upande usiofaa?

Fundi alikata pale palipokwaruzika, akaunga kwa risasi ya moto, akavisha kila waya mpira wake, akafunga tepu mpya na kuziachia nyaya nafasi ya kucheza. Mwavuli ukarudishwa, chuma chake kikiwa chini kidogo na kipande cha tairi katikati. Akaurudisha ule waya mweusi wenye mstari mweupe kwenye sidiai, akajaribu ufunguo: injini ikafa inapoambiwa kufa. Alichotoza hakikufika bei ya sidiai moja. Zile za zamani akazijaribu moja moja. Zote zikawasha.

Nilimuuliza kama kuna kijana anayemfundisha. Akasema wanakuja, ila wengi wanataka kujua spea inaitwaje, na yeye hauzi spea. Binamu yangu wa kidato cha pili alikuwa amesimama hapo muda wote. Akatoa simu ya baba yake akapiga picha nyaya zile kabla kiti hakijarudishwa, halafu akaandika rangi nyuma ya daftari la hesabu: kijani, bodi. Mweusi na mwekundu, magneti. Fundi akamsahihisha moja.

Jioni ile mjomba aliegesha pikipiki kwa stendi ya pembeni, usukani ukaangukia kushoto kama kawaida. Akapiga kiki mara moja. Ikawaka. Akaizima kwa ufunguo, akapiga tena. Ikawaka. Alifanya hivyo labda mara saba, mpaka shangazi akatoka jikoni kumuuliza kama amepagawa.

Stejini bado wanamwita Zimazima. Majina ya pale hayafutiki kwa tepu. Ila mwezi uliopita alinipigia akiwa hospitalini, saa tano usiku, nikashtuka. Alikuwa amemleta yule jirani, safari hii mimba imefika siku zake, na kulikuwa na mvua.

"Alikubali kupanda?" nikamuuliza.

"Hapakuwa na mwingine," akasema. Halafu, baada ya kimya kidogo: "Kona zote, mama. Hata ile."